Ushuru wa kaboni wa Ulaya: mzigo unamwangukia nani?

MLETA MADA: Ndugu zangu, tangu tarehe 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza kaboni, yaani hewa ukaa iliyotolewa wakati wa uzalishaji, kwenye chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme unaotoka nje. Wa kununua vyeti vya kulipia kaboni hiyo ni mwagizaji wa kule, ila tusidanganyane: akibanwa, anamgeukia muuzaji ashushe bei.

Chukueni Mozal, kiwanda cha alumini kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 jirani na Maputo, ambacho soko lake kubwa limekuwa Ulaya. Kwenye vyungu vya kuyeyushia, anodi za kaboni (vipande vya kupitishia umeme) zinaliwa kidogokidogo na kutoa takriban tani 1.5 za hewa ukaa kwa kila tani ya alumini. Hiyo ndiyo inayotozwa. Uchafu wa kuzalisha umeme wa kiwanda, ambao kwa mtumiaji wa makaa ya mawe ni mkubwa mara kadhaa, kwa alumini bado hauhesabiwi! Aliyeyeyusha kwa makaa ya mawe na aliyetumia umeme wa maji wa bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, wanapimwa karibu sawa. Hapo mazingira yanalindwa vipi? Na fedha zinabaki Ulaya.

MCHANGIAJI: Mkuu, kwenye umeme niko nawe. Kwenye lawama, hapana. Sheria hiyohiyo inaruhusu kukata bei ya kaboni iliyokwisha kulipwa bidhaa ilikotengenezwa. Afrika Kusini ina kodi yake ya kaboni tangu 2019. Msumbiji nayo ikitoza, fedha zinabaki Maputo. Tena Mozal imekwamishwa na umeme: Desemba 2025 mmiliki mkuu, South32, alitangaza kuusimamisha uzalishaji Machi 2026 kwa kukosa mkataba wa bei anayoimudu. Hilo Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, inahusikaje?

MLETA MADA: Haihusiki, nakubali. Lakini kodi ya nyumbani bila vipimo haitoshi, mkuu. Asiye na takwimu zilizohakikiwa anabandikwa makadirio ya Ulaya, yenye nyongeza juu yake. Kampuni kubwa ina wahandisi na fedha za kumlipa mhakiki. Mwenye kiwanda cha kawaida cha nondo au saruji atampata wapi? Mimi nasema serikali zetu zisomeshe wahakiki na kununua vipimo kwanza, kodi ifuate. Ulaya nayo, inayokusanya, igharamie kazi hiyo, na ihesabu umeme wa alumini ili aliye safi afaidike. Anayeona tuanze na kodi aeleze itakusanywa kwa vipimo gani.