Verdicchio ya Jesi na Verdicchio ya Matelica: tofauti inatoka wapi?

Mhudumu wa Ancona

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Ancona, katika mkoa wa Marche, mashariki mwa Italia, na ninahudumia wateja mezani katika mgahawa wa samaki ambako mvinyo mweupe unaoagizwa zaidi ni Verdicchio, unaotokana na zabibu za jina hilo hilo. Hivi karibuni wahudumu tulionjeshwa chupa mbili kwa pamoja: Castelli di Jesi ya mavuno ya mwaka jana, na Matelica Riserva (yaani ile inayotunzwa muda mrefu kabla ya kuuzwa) ya miaka sita. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ina ukijani kwa mbali na uchachu wa tufaha bichi. Ya pili ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nzito mdomoni, inanukia asali. Kitu kimoja tu kilizifananisha, nacho ni uchungu kidogo wa lozi unaobaki ulimini baada ya kumeza. Msimamizi wetu alisema tofauti yote inatokana na mabonde. Je, ni kweli? Na je, mvinyo mweupe unaweza kweli kukaa miaka yote hiyo bila kuharibika?

Mkulima wa Mizabibu

Ndugu Mhudumu, bonde lina nafasi kubwa katika jambo hili. Mashamba ya Castelli di Jesi yametanda kwenye vilima vilivyo pande zote mbili za mto Esino, na kwa kuwa bonde hilo linafunguka kuelekea bahari ya Adriatiki, upepo wa bahari hupunguza makali ya joto na ya baridi. Matelica iko ndani zaidi, kwenye bonde linaloelekea kaskazini na kusini, sambamba na pwani, huku milima ikilikinga na bahari. Mchana wa kiangazi huwa na jua kali, usiku baridi hushuka, na zabibu huiva polepole zikiwa zimehifadhi uchachu wake. Ndiyo maana Verdicchio ya Matelica mara nyingi huonekana imekaza zaidi kuliko ya Jesi, hata zikiwa za mwaka mmoja. Serikali ya Italia ilizitambua kama maeneo mawili yenye majina yanayolindwa kisheria tangu zamani: Matelica mwaka 1967, Jesi mwaka 1968.

Fundi wa Pipa

Ninakubaliana na Mkulima kuhusu hali ya hewa, lakini chupa hizo mbili hazitoshi kuthibitisha hoja ya msimamizi. Mmelinganisha mvinyo mchanga na Riserva, na kwa maoni yangu umri umechangia tofauti hiyo kuliko bonde. Riserva, ambayo tangu 2010 imepewa DOCG, daraja la juu la majina yanayolindwa kisheria, katika maeneo yote mawili, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kutunzwa miezi 18, na baadhi ya watengenezaji huuacha mvinyo muda mrefu juu ya mashapo ya hamira, jambo linaloupa unene mdomoni. Ombeni siku moja mwonje Riserva ya Jesi na Riserva ya Matelica za mavuno ya mwaka mmoja. Hapo ndipo bonde litakapojisemea lenyewe.

Kuhusu kukaa miaka, Verdicchio inaweza, kwa sababu uchachu wake hauishi upesi hata zabibu zikiiva sana. Riserva nzuri huvumilia miaka kumi. Inanisikitisha kwamba watu wengi bado wanaifikiria kama mvinyo wa bei rahisi wa ufukweni, sifa iliyoenea pamoja na ile chupa ya kijani yenye umbo la mtungi wa kale, iliyobuniwa miaka ya 1950 na kuufanya mvinyo huu ujulikane nje ya Italia.

Mteja akisema anapenda Soave, mvinyo mweupe wa kaskazini mwa Italia, mpe Verdicchio bila wasiwasi: vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba zabibu ya Trebbiano di Soave, inayotumika pia katika mvinyo huo wa Veneto, ni mzabibu huu huu.

Mhudumu wa Ancona

Nawashukuru sana. Nina swali moja zaidi: chini ya ile Riserva kulikuwa na chembe zinazong'aa kama sukari, na mteja mmoja amewahi kurudisha chupa ya namna hiyo. Je, ni kasoro?

Fundi wa Pipa

Si kasoro, wala hazina madhara. Ni chumvi ya tindikali ya zabibu, inayoganda mvinyo ukipoa sana. Isimamishe chupa wima kwa saa kadhaa, mimina taratibu, na uache kidogo chini. Riserva usiipoze kupita kiasi; nyuzi 12 zinatosha, na hapo inafaa hata kwa brodetto, ule mchuzi wenu wa samaki wa aina nyingi, ambao mvinyo mchanga mwepesi huzidiwa nao.