Audition (1999): ile sehemu ya mwisho ni ndoto au kweli?

popo_wa_usiku
Wakuu habari zenu. Nimemaliza kucheki Audition ya Takashi Miike, ile ya Kijapani, na kichwa bado hakijatulia. Naichambua mpaka mwisho kwa hiyo ambaye hajaiona apite mbali. Yani nusu ya kwanza yote nilijua ni muvi ya mapenzi ya watu wazima, mjane Aoyama anaambiwa na mwanae dingi oa bwana unazeeka, rafiki yake prodyuza anampa mchongo waite mabinti kwenye usaili wa filamu ili jamaa ajichagulie mke humo humo, ndo anatokea Asami na nguo zake nyeupe, mpole mpaka unamwonea huruma. Sasa swali, pale mguu ushakatwa kwa waya, ghafla Aoyama anashtuka yuko hotelini, mzima kabisa, Asami kalala pembeni, analala tena na tunarudi kule kule kwenye damu. Kipi ndoto hapo? Na huyu dada analipiza kisasi cha nini wakati jamaa hajamfanya kitu?

kiti_cha_nyuma
mateso ni kweli mkuu, hoteli ndo ndoto, akili inakimbilia mahali pa mwisho alipokuwa na raha. ushahidi ni lile gunia. kumbuka Aoyama anajizuia asimpigie simu, kamera inaenda kwa Asami, kakaa sakafuni kainamisha kichwa nywele zimemfunika uso, simu iko mbele yake na gunia kubwa liko nyuma. simu inaita, gunia linaruka lenyewe, dada anatabasamu. Aoyama hayupo pale na bado hajanyweshwa dawa yoyote, sasa hiyo itakuwa ndoto ya nani

Bi_Mkaidi
Hapana, mimi nipo upande wa ndoto, na nakataa kabisa hiyo ya "hajamfanya kitu". Tazameni tena ule usaili. Kiti kimoja katikati ya chumba, mabinti wanapita mmoja mmoja wanajieleza, wanaulizwa maswali ya ajabu ajabu, wengine wanadhalilika kabisa na muziki unachekacheka kama vile ni komedi, na wakati huo jamaa alishamchagua Asami zamani kwenye karatasi za maombi, kisa kaandika kwamba kuacha bale ilikuwa kama kukubali kifo. Yani wale wote wengine walipotezewa muda tu. Alafu akishakunywa ile wiski yenye dawa akadondoka, kwenye maruweruwe yake anatokea nani? Yule dada wa ofisini aliyewahi kulala naye akampotezea. Mpaka mpenzi wa mwanae anatokea! Hiyo ni dhamiri inamsuta mtu usingizini, Asami wa kutisha kamtengeneza yeye mwenyewe.

kiti_cha_nyuma
dhamiri ndo imemuua mbwa wa Aoyama?

mla_pazia
Hahaha @kiti_cha_nyuma. Ila Bi Mkaidi ana pointi kwenye usaili, japo ndoto siikubali. Mi naona kisasi kipo lakini deni si la Aoyama peke yake, Asami alichomwa mapajani na mwalimu wake wa bale tangu mdogo, kwa hiyo kwake maumivu ndo kitu pekee kisichodanganya, maneno hayaamini. Alimwomba jamaa ampende yeye tu, yeye peke yake, jamaa akakubali harakaharaka kama wanaume wanavyokubali vitu wakiwa kitandani. Kuja nyumbani anakuta picha ya marehemu mke, na mtoto yupo. Basi imeisha, kesi ishahukumiwa. Sasa mtoto kakosa nini? Hapo ndo kisasi kinageuka umiliki. Na kinachonitesa zaidi si damu, ni ile sauti, anachoma sindano chini ya macho huku anaimba "kiri kiri kiri" kama anabembeleza mtoto, na ile dawa imemgandisha jamaa mwili lakini anahisi kila kitu. Tamasha la filamu la Rotterdam 2000 watu walitoka ukumbini, siwalaumu.

popo_wa_usiku
Bi Mkaidi umenifanya niurudie ule usaili na kweli unakera, mara ya kwanza nilicheka. Lakini gunia limenishinda kulieleza kama ndoto. Na mle ndani ni nani?

kiti_cha_nyuma
haisemwi wazi ila unganisha mwenyewe. kwenye maombi yake Asami alimtaja mtu wa kampuni ya muziki, wakimtafuta wanaambiwa alipotea. alafu ile baa aliyosema anafanya kazi, mwenye baa alikatwakatwa, polisi kuunganisha mwili wakakuta vidole vitatu vya ziada, sikio na ulimi. sasa rudi ukamtazame yule anayetambaa kutoka kwenye gunia uhesabu anachokosa

Bi_Mkaidi
Anayetambaa tunamwona wakati Aoyama kashalewa dawa. Naomba hilo nalo mlihesabu.