Kuta za Takwa: chokaa au simiti?

Kijana wa Manda
Salaam aleikum wadau. Kuna mpango wa kuziba nyufa na kushika vichwa vya kuta kwenye magofu ya Takwa, mji wa kale wa Waswahili hapa kisiwani Manda, Lamu. Fundi mmoja ashikilia simiti kwa kuwa hukauka upesi, wengine wasema chokaa tu. Tofauti yake ni nini? Na mji ule ulihamwa kwa vita au kwa maji?

Mwashi Langoni
Waaleikum salaam. Simiti isiguse kuta zile. Jiwe la matumbawe lina vitundu na limejaa chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, ukitafuta njia ya kutokea. Ukiziba viungo kwa simiti, hutokea kwenye jiwe. Chumvi inaganda usoni mwake na jiwe linamung'unyika kuwa unga. Ukiona kiungo kimetokeza nje na jiwe limeliwa ndani, ujue hapo pana simiti.

Chokaa iliyozimwa kwa maji kipimo 1, mchanga 3. Chokaa iloweke wiki kadhaa chini ya maji kabla ya kuchanganya na mchanga; ikiwa bado na punje zisizozimika, zitafura baadaye na kuitumbua plasta. Futa kiungo hadi upate kilicho imara, rowesha jiwe, kisha shindilia. Shimo kubwa lijaze vijiwe, usilijaze chokaa tupu, litapasuka. Plasta isizidi milimita 10 kila safu. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, hasa wakati wa kaskazi. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua hubaki vumbi.

Kichwa cha ukuta kiwe na mgongo, maji yateremke.

Kijana wa Manda
Shukran. Mchanga wa ufuoni wafaa?

Mwashi Langoni
La, una chumvi. Tafuta wa shimo, uoshe kwa maji matamu. Na vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, msiviguse: ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya Lamu.

Bi Mkomani
Kuhusu kuhamwa, Takwa uliishi kama miaka 200 tu, kuanzia 1500 hivi hadi karibu na 1700. Kaburi lenye nguzo lina tarehe ya Hijria 1094, yaani 1683 hivi, kwa hiyo hadi hapo watu walikuwapo bado. Sababu inayotajwa zaidi ni maji ya visima kuwa ya chumvi, wenyewe wakavuka kwenda Shela. Watu wa Shela hadi leo huenda Takwa kuomba mvua.

Gede, magofu ya mji mwingine wa Waswahili karibu na Malindi, ni kisa kirefu zaidi. Kaburi lake lenye tarehe ni la Hijria 802 (1399), na mji ulihamwa mapema karne ya 17. Huko hutajwa mashambulizi, Waoromo wakiwemo, pamoja na maji kushuka: kisima cha msikiti mkuu kiliongezwa kina. Mimi sioni haja ya kuchagua moja. Mji wenye kiu haustahimili vita.

Gede ulilindwa kisheria tangu 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akauchimba 1948 hadi 1958, na 2024 ukaingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta ziliimarishwa, hazikujengwa upya. Takwa nayo iwe vivyo hivyo: kukisia kimo cha ukuta na kuupandisha ni kuzua historia.

Mwashi Langoni
Mizizi pia. Usiing'oe, itatoka na mawe. Kata kwa msumeno sambamba na ukuta. Ule mnene unaoshikilia jiwe uacheni hadi mweke mihimili. Kibali cha Makumbusho ya Taifa ni lazima, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Na mashua ya chokaa ipangeni maji yakijaa; yakitoka, mkondo wa mikoko haupitiki na mtabeba magunia kwenye tope.