Tiketi nimeshakata, sasa nauli ya ndege ileile imeshuka. Naweza kufuta nikakata upya?

Mwana Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma hapa, naomba mawazo ya wenye uzoefu na safari za ndege za nje, hasa mawakala wa tiketi kama mmo humu.

Mwezi wa tano naenda Houston, Marekani, na bimkubwa. Mpwa wangu anahitimu chuo, bibi yake kaitwa rasmi, na viza tumeshapata wote wawili. Tiketi yangu nilikata kwa wakala hapa mjini, Dar hadi Houston kwenda na kurudi, 3,850,000. Ya mama alikata dada kulekule Houston, kwenye tovuti ya shirika lenyewe, kwa kadi ya shemeji. Dada alichukua nauli ya juu kidogo kwa sababu wakati ule hatukuwa na uhakika kama mama atapewa viza. Ndege ni zilezile na viti tumechagua vya pamoja.

Sasa jana usiku nimechungulia tu kwenye simu, naona ndege ileile, tarehe zilezile, 3,290,000. Laki tano na sitini imeyeyuka hivihivi! Halafu kuna video nimeiona ya Mmarekani mmoja, anasema yeye akishakata tiketi haachi kuangalia bei. Ikishuka anabadilisha, tofauti inarudi kwake. Nikampigia wakala, akanijibu "haiwezekani bosi, hiyo tiketi hairudi", simu ikakatwa.

Ni kweli haiwezekani au anakwepa kazi? Na kama inawezekana, naanzia wapi? Nimeambatanisha picha ya tiketi mwone wenyewe. Natanguliza shukrani.

Kibajaji wa Majengo

Laki tano na sitini unaiachaje mkuu? Mimi ningeshalala mlangoni kwa huyo wakala.

Tiketi Mbichi

Mwana Ilazo, kabla ya yote ondoa hiyo picha. Sasa hivi. Umeficha namba ya pasipoti lakini umeacha jina la ukoo na ile namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita. Mtu akiwa na hivyo viwili tu anaingia kwenye tovuti ya shirika, anafungua safari yako kama yeye ndiye wewe. Anaweza kukuhamisha kiti, na kwa baadhi ya mashirika anaweza hata kuifuta. Na akitokea mtu inboksi akakwambia "nitumie PNR nikushughulikie", mpite. PNR ndiyo hiyohiyo namba ya buking.

Ukishaiondoa nitakuelekeza. Hii ndiyo kazi yangu.

Mwana Ilazo

Nimeiondoa mkuu. Asante, hilo sikulijua kabisa.

Mjomba Kisasa

Hao wanakuchezea. Ukitafuta tafuta sana bei inapanda kwa sababu wanakuona. Fungua kwa dirisha la siri la kivinjari utaona bei ya kweli.

Tiketi Mbichi

Mjomba, hiyo nimeisikia miaka yote. Ndege moja inauzwa kwa nauli nyingi, na kila nauli ina herufi yake na idadi ya viti vyake. Viti vya nauli ya chini vikiisha, mfumo unaonyesha nauli inayofuata juu yake. Watu wakifuta safari, au shirika likiona ndege haijai, wanafungua tena herufi ya chini na bei inashuka. Dirisha la siri halifungui kiti kilichofungwa.

Mwana Ilazo, picha yako niliiona kabla hujaiondoa. Angalia kwenye tiketi sehemu iliyoandikwa FARE BASIS, herufi ya kwanza ndiyo herufi ya nauli uliyonunua. Halafu shuka chini kwenye ENDORSEMENTS. Yako imeandikwa NONREF/PENALTY APPLIES. Maana yake nauli hairudishwi, na kubadilisha kunaruhusiwa kwa faini. Kwa hiyo wakala wako yuko sahihi nusu. Kufuta urudishiwe nauli haiwezekani, lakini kubadilisha kunawezekana. Suala ni kama kunalipa.

Mwombe akutumie masharti ya nauli, yale maandishi marefu ya herufi kubwa kutoka kwenye mfumo wao. Hawezi kukunyima, umenunua. Tafuta kipengele cha PENALTIES, usome kiasi cha faini kabla ya kuondoka. Na huwezi kumruka wakala ukaenda shirika moja kwa moja. Kwa kawaida watakwambia rudi kwa aliyekukatia.

Mwana Ilazo

Kanitumia, safari hii kwa adabu kidogo. Kubadilisha kabla ya kuondoka ni dola 200. Halafu anasema na yeye ana ada yake, 50,000.

Hesabu Kali

Haya tupige hesabu. Chukua dola kwa 2,500 ili tusichoshane. Faini 500,000. Ada ya wakala 50,000. Jumla 550,000. Unachookoa ni 560,000. Umebaki na elfu kumi, na hapo hujauliza kama viti mlivyochagua vitabaki au mnaanza upya.

Na hiyo elfu kumi yenyewe usiihesabu bado. Nauli mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, mashirika mengi hayakupi tofauti mkononi. Ama inapotea, ama unapewa vocha ya safari nyingine. Uliza hilo kwanza.

Kingine ambacho wengi hatukiangalii: nauli za nje zinapangwa kwa dola. Shilingi ikipata nguvu, bei unayoiona kwa shilingi inashuka hata kama shirika halijagusa kitu. Mwisho wa 2024 shilingi ilipanda kwa kasi ndani ya muda mfupi, na waliokuwa wakifuatilia kwa shilingi walidhani mashirika yote yana ofa. Fuatilia kwa dola.

Bint Kondoa wa Texas

Kaka Mwana Ilazo, shikamoo ya bimkubwa ifike. Mimi nipo huku Texas, nikueleze kuhusu hiyo video, maana Mmarekani huyo hadanganyi, ila anaongea na Wamarekani wenzake.

Mwaka 2020 wakati wa korona, mashirika makubwa ya huku, United, Delta na American, yaliondoa faini ya kubadilisha kwenye tiketi nyingi, isipokuwa zile za bei ya chini kabisa. Ndiyo maana watu wa huku wakiona nauli imeshuka wanabadilisha kwenda ndege ileile kwa bei mpya, na tofauti inabaki kwao kama salio la safari nyingine. Mara nyingi ni salio, siyo pesa mkononi. Na kwa safari za nje wanaangalia safari imeanzia wapi. Ya kuanzia Houston kwenda Dar inaweza isiwe na faini, ya kuanzia Dar ikawa nayo, shirika lilelile.

Kuna sheria nyingine ya huku ambayo hata aliyeko Dodoma inamgusa, kwa sababu ni ya safari yoyote ya kuingia au kutoka Marekani. Ukikata kwa shirika lenyewe, siku 7 au zaidi kabla ya safari, shirika linatakiwa ama likushikilie bei saa 24 bila kulipa, ama likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa yote. Kwa hiyo ukikata asubuhi, usiku angalia tena. Ikishuka, kata mpya, futa ya kwanza. Mawakala hawabanwi na sheria hiyo, wengine wanaifuata kwa hiari, wengine hawana habari nayo.

Yako imeshapita. Ila ya bimkubwa nina maswali nayo. Dada alichukua aina gani?

Mwana Ilazo

Marahaba kutoka kwa bimkubwa, kafurahi kusikia kuna mtu wa kwao huko. Nimempigia dada. Anasema ya mama imeandikwa kubadilisha ni bure, na kufuta ni faini ndogo.

Tiketi Mbichi

Basi pesa iko hapo, kwenye tiketi ya mama. Ila mambo matatu msiyaruke.

Usilinganishe na ile 3,290,000. Hiyo ni bei ya nauli ya chini. Dada aangalie aina ileile aliyonunua sasa inauzwa ngapi kwa dola. Mara nyingi ya chini inashuka sana na ya juu inashuka kidogo, au haishuki kabisa. Akihamia nauli ya chini atapata tofauti kubwa, lakini atakuwa amemvua mama ule uhuru wa kubadilisha bure, na labda mzigo pia.

Pili, abadilishe, asifute. Akitaka kufuta kwa lazima, akate mpya kwanza, aone tiketi imetoka na namba yake ya tarakimu 13, ndipo afute ya zamani. Nimeona watu wanafuta kwanza, wakirudi kukata, kiti kilichokuwa cha bei nafuu kimeshachukuliwa.

Tatu, hizo ni buking mbili tofauti, mfumo haujui kama ni mama na mwanawe. Akimaliza, apige simu waandike kwenye zote mbili kuwa mnasafiri pamoja, na kiti cha mama kikaguliwe upya. Mzee asije akakaa peke yake masaa yote hayo katikati ya watu asiowajua.

Shemeji Mtata

Na msisahau, pesa ikirudi inarudi kwenye kadi iliyolipa. Ni ya shemeji hiyo. Mkuu unapigania hela isiyo yako 😂

Mwana Ilazo

😂😂 Shemeji mwenyewe kasema ikirudi ni ya soda ya mama.

Afisa Mtumba

Samahani kwa kuingilia uzi. Mbinu hii inafanya kazi Dodoma–Dar? Wakati wa Bunge la bajeti ukichelewa kukata unakuta nauli imepaa.

Tiketi Mbichi

Afisa, ndani ya nchi usijichoshe. Nauli ni ndogo, faini ya kubadilisha inaimeza tofauti yote. Na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni bei za Dodoma zinapanda zaidi ya kushuka. Kata mapema, au panda treni. SGR ilipoanza kufika Dodoma 2024 nauli ya kawaida ilikuwa 31,000, na usafiri wa anga kwenda Dar siku hizi ni wa mwenye haraka au anayelipiwa na ofisi.

Mwana Ilazo, na ninyi mkienda na treni, shukeni Dar siku moja kabla. Treni na ndege ni tiketi mbili zisizojuana. Treni ikichelewa, ndege haikungoji wala hairudishi.

Bint Kondoa wa Texas

Kaka, ya kwako bado kuna mlango mmoja, ila haufunguki kwa kusukuma. Shirika lenyewe likibadilisha ratiba sana, tuseme ndege ya nje ikasogezwa masaa 6 au zaidi, au wakakuongezea sehemu ya kubadilisha ndege, sheria ya Marekani ya 2024 inakupa haki ya kukataa na kurudishiwa pesa yote, hata tiketi ikiwa ya NONREF. Hapo unachukua chako na kukata kwa bei mpya.

Barua pepe ya namna hiyo inakuja na kitufe cha kukubali mabadiliko. Watu wanakibonyeza bila kusoma, na ukishakubali umepoteza haki hiyo. Mwambie wakala asikubali chochote kwa niaba yako, maana barua zinaenda kwake kwanza. Wewe endelea kuangalia safari yako mwenyewe kwenye tovuti kila baada ya siku chache.

Hesabu Kali

Na weka taarifa ya bei, Google Flights au Skyscanner, ya tarehe zako hizohizo. Usishtuke kila ikishuka. Kwako namba ni moja: 550,000. Tofauti ikiwa chini ya hapo kaa kimya. Bei ikishuka kwa laki nane, na wakala amethibitisha kwa maandishi kwamba tofauti utapewa, hata ikiwa vocha, hapo amka.

Mwana Ilazo

Mrejesho wakuu. Yangu nimeiacha kama ilivyo, taarifa ya bei nimeweka. Wakala anasema tofauti kwa nauli yangu inapotea kabisa, kwa hiyo hata ile elfu kumi haikuwepo.

Ya mama, dada amepiga simu shirika. Aina ileile imeshuka dola 90 tu. Wamembadilishia bila faini, ndege ileile, na kiti kimebaki pembeni yangu. Hizo dola 90 wametoa vocha ya jina la mama, ya kutumia ndani ya mwaka mmoja. Nimemweleza bimkubwa, ameniuliza, "Sasa mimi nitakwenda wapi tena na hiyo?"

Tiketi Mbichi

Soma masharti ya vocha. Nyingine zinakubali kulipia mzigo wa ziada, siyo tiketi tu. Marekani kwa kawaida mnapewa mabegi mawili ya kilo 23 kila mtu, na mama wa Kondoa mabegi mawili hayamtoshi.

Bint Kondoa wa Texas

Hayamtoshi kabisa! Ubuyu na karanga mtajieni afisa wa forodha mkifika, msifiche, mara nyingi wanaachia. Nyama kavu iacheni nyumbani, hiyo wataichukua. Na kaka, ukipata nafasi kwenye begi lako, mlenda mkavu wa kwangu usisahau.