Naomba ushauri: Qubes OS, kibodi ya USB na Split GPG

Wakuu, habari zenu. Natumia Qubes OS, mfumo endeshi unaotenganisha kazi katika mashine pepe ziitwazo kyubu, kwenye kompyuta ya mezani. Mambo ya kawaida, yaani kyubu ya kazi, ya benki na zile za kutupa baada ya matumizi, nimeshayazoea. Sasa nachimba yale yasiyosemwa sana.

Ile ya kusafisha PDF nimeipenda: faili linafunguliwa ndani ya kyubu ya kutupa, kila ukurasa unageuzwa picha tupu, kisha PDF mpya inajengwa kutokana na picha hizo. Huwezi tena kutafuta neno ndani yake, lakini kwa viambatisho vya watu nisiowajua, poa tu.

Kinachonisumbua ni sys-usb, yaani kyubu inayoshughulikia vifaa vya USB. Kibodi yangu ni ya USB na mashine haina tundu la PS/2, lile la kibodi za zamani. Nikiipitisha sys-usb, kyubu hiyo ikidukuliwa itasoma kila ninachobonyeza, hata nywila ya kufungulia skrini, na inaweza kujibonyezea yenyewe. Nikiacha USB kwa dom0, yaani sehemu kuu inayotawala kyubu zote, flashi yoyote mbaya inagusa moyo wa mfumo. Je, mnatenga kidhibiti kimoja cha USB (chipu inayoendesha matundu ya USB) kwa kibodi peke yake, au mnaongeza kadi ya PCIe, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ili kupata kidhibiti kingine?

Pili, Split GPG, njia ya kutenga ufunguo wa siri wa GPG (wa kusimbua na kusaini barua pepe). Ufunguo unakaa kwenye kyubu isiyo na mtandao, safi kabisa. Ila ukisharuhusu ombi moja, kwa kawaida kyubu ya barua pepe haikuulizi tena kwa sekunde 300. Aliyepunguza muda huo anieleze kama kusoma barua hakujawa kero.