Nina nafasi ya mechi moja tu Liverpool: niende Goodison au uwanja mpya?

Buluu wa Kayole

Wadau, naomba ushauri wa watu ambao timu zao zilihama uwanja kabla yetu.

Dadangu ni muuguzi Manchester na amenialika. Viza imetoka, nauli tumechangiana. Wikendi nitakayokuwa huko, zamu zake zinamwachia siku moja tu, na mpirani siendi bila yeye. Ndiye aliyekuwa akinilipia kiingilio cha kibandani wakati sina hata shilingi kumi. Kwa hivyo ni mechi moja. Ama tuende Hill Dickinson, uwanja mpya wa Everton kule gatini Bramley-Moore, tuwaone wanaume. Ama twende Goodison Park, uwanja wetu wa zamani, ambako sasa inacheza timu ya wanawake ya Everton.

Kuna atakayesema jibu liko wazi, timu kubwa iko uwanja mpya. Kwangu haliko wazi hata kidogo.

Everton ilinichukua Oktoba 2002, kwenye kibanda cha mechi hapa Kayole. Kibanda kizima kilikuwa Arsenal, na walikuwa wamecheza mechi thelathini za ligi bila kufungwa. Dakika ya tisini, kijana ambaye hata miaka 17 hajafikisha, Wayne Rooney, akautuliza mpira, akageuka, akaachia kombora la mbali. Likampita David Seaman, likagonga mwamba kwa chini, likazama. Watu wakaganda. Waliopiga kelele ni mimi na dada, peke yetu, na tulitoka pale tukiwa na timu. Baadaye nikawa namfuata Joseph Yobo kila wiki, halafu Yakubu, yule wa mabao 21 msimu wa 2007/08.

Goodison nimeijua kwa runinga, lakini nimeijua. Ikipigwa kona ya upande ule, kamera ikizunguka, unaona kanisa la St Luke's limechungulia katikati ya majukwaa mawili. Viti vimekaribia mstari kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira hana pa kuchukulia mbio. Wa safu ya kwanza angenyoosha mkono amshike jezi. Majukwaa ya zamani yana nguzo, na ukitazama vizuri utamwona mtu mzima amepinda shingo huku, akipinda kule, ili aone goli. Mtu huyo analipia kiti hicho mwaka baada ya mwaka na hataki kingine. Huyo ndiye ninayemuonea uchungu kuliko hata mimi.

Uwanja ulifunguliwa 1892. Dixie Dean, aliyefunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28, alikata roho humo humo mwaka 1980 akitazama mechi yetu na Liverpool. Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, alifunga manne pale Kombe la Dunia la 1966, Ureno ikiwa nyuma 3-0 kwa Korea Kaskazini ikamaliza na 5-3. Sasa mahali kama hapo unapaagaje?

Mechi ya mwisho ya wanaume ilikuwa Jumapili, Mei 18, 2025, na Southampton. Iliman Ndiaye wa Senegal akafunga yote mawili. Nililia, na sioni aibu kusema. Agosti 24 tukafungua uwanja mpya na Brighton, Ndiaye huyohuyo akawa wa kwanza kufunga. Uwanja ni mzuri, unaingiza zaidi ya watu 52,000, mto Mersey uko pale pembeni. Lakini nilikuwa natazama kama mechi ya wenyewe. Mpaka kipa wetu Jordan Pickford alipoipangua penalti ya Danny Welbeck. Hapo mwili ulisimama wenyewe kabla sijafikiria ni uwanja gani.

Everton nimewahi kuiona kwa macho mara moja tu, Kasarani, Julai 2019, walipotoka sare ya 1-1 na Kariobangi Sharks na Sharks wakashinda kwa penalti. Kwa hivyo siku hii ni kubwa kwangu. Walio Arsenal, West Ham, Spurs: nyinyi mlizoea vipi? Na mngekuwa mimi, siku hiyo moja mngeipeleka wapi?

Mtutu wa Umoja

Kaka, lile bao la Rooney mimi pia nililiona, nikiwa upande wa walioganda. Nitakujibu kama mtu wa Arsenal: nenda Goodison.

Sisi tulitoka Highbury Mei 2006. Tulikuwa pale tangu 1913. Siku ya mwisho tuliwafunga Wigan 4-2, Thierry Henry akapiga matatu, la mwisho kwa penalti, akapiga magoti akabusu nyasi. Leo Highbury ni nyumba za watu kuishi. Ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki bado umesimama kwa sababu sheria ya majengo ya kihistoria iliulinda, na pale katikati palipokuwa na kiwanja pana bustani. Binamu yangu alienda, akanitumia picha. Nilizitazama nikazifuta. Sikuweza kukaa nazo kwenye simu.

Wewe uwanja wako bado unachezewa mpira. Mpira wa mashindano, refa na kibendera. Sisi hatukupewa nafasi hiyo.

Kuhusu kuzoea, sitakudanganya, sisi tulichelewa. Emirates, uwanja wetu mpya, inaingiza watu zaidi ya 60,000 lakini mechi ya kwanza ya ligi tulitoka 1-1 na Aston Villa, na miaka iliyofuata tulikuwa tunalipa deni la uwanja huku tukiuza watu. Henry 2007, Fàbregas 2011, Van Persie 2012. Kombe la kwanza tangu tuhamie lilikuja 2014, lile la FA. Ukiniuliza mimi, uwanja wenyewe haukuwa na kosa. Ni kwamba kila tulipouangalia tuliwaona walioondoka. Ombeni wenye timu yenu wasiuze Ndiaye ili walipe saruji.

Nyundo Embakasi

Mimi ni West Ham, nipo tofauti na Mtutu.

Tulitoka Upton Park Mei 10, 2016. Tulikuwepo tangu 1904. Tuliwafunga Manchester United 3-2, Winston Reid kwa kichwa, nikaona hakuna zaidi ya hapo. Tukahamia London Stadium, ambao ulijengwa kwa Olimpiki ya 2012. Wakenya wote tunaujua: ndipo David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 na kuvunja rekodi ya dunia. Kwa riadha ni uwanja wa heshima. Kwa mpira ni kama ulivyokaa Kasarani: kati yako na mchezaji kuna nafasi ya kuegesha matatu. Mashabiki waligombana wao kwa wao miaka ile, wengine wakaacha kwenda kabisa.

Kilichotubadilisha ni usiku mmoja, Machi 2022, tulipoitoa Sevilla kwenye Ligi ya Europa. Bao la ushindi lilikuja muda wa nyongeza na alifunga Andriy Yarmolenko, wakati ule kwao Ukraine vita vimeanza wiki chache tu. Kelele za usiku ule hazikuwahi kusikika pale. Ilichukua karibu miaka sita, na ilichukua mechi. Viti vilikuwa vilevile.

Ndiyo maana nakwambia nenda uwanja mpya. Wenu umejengwa kwa mpira tangu siku ya kwanza, hauna njia ya wakimbiaji, majukwaa yamesimama wima. Usiku wenu kama ule wa Sevilla unaweza kuja wakati wowote, nawe uwe umeshaingia mle. Goodison utaomboleza, halafu?

Kogalo Damu

Nimesoma yote haya kwa hamu, na nina uchungu wangu pia niseme.

Nyinyi mna mahali pa kuhama. Gor Mahia ilianzishwa 1968, ikatwaa Kombe la Washindi Afrika 1987, na mpaka leo hatuna uwanja ambao ni wetu. Baba yangu alinipeleka City Stadium pale Jogoo Road nikiwa nimeketi mabegani mwake, tukapita kwa mama wa njugu na mayai, tukaingia tukiimba. Baadaye ikawa Nyayo, ikawa Kasarani, viwanja vikifungwa tunapakiwa Machakos au Thika. Msimu ukianza huniulizi tunacheza na nani, unaniuliza tunacheza wapi. Hata timu ya taifa: Juni 2024 Harambee Stars ilicheza mechi zake za nyumbani Malawi. Nyumbani, Lilongwe! Niliitazama ile na Ivory Coast, majukwaa meupe, nikaumia sana.

Sasa kuna huu uwanja wa Talanta Ngong Road, watu 60,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 tutakayoandaa na Uganda na Tanzania. Nikipita na matatu nachungulia kila mara. Naupenda, lakini ni wa serikali, na mwenye nyumba ndiye anayeamua lini unaingia.

Kwa hivyo Buluu, huzuni yako naiheshimu, na pia naitamani. Mtu halii kwa kuondoka asipowahi kukaa.

Na kumbuka Goodison si yenu peke yenu. Tulipowafunga Simba 2-0 kwenye fainali kule Afraha, Nakuru, 2018, zawadi ilikuwa kucheza na Everton kwao. Novemba mwaka huo jezi ya kijani iliingia Goodison. Tulifungwa nne bila, sawa, lakini tulicheza pale. Na Rooney wako huyo aliporudi Everton 2017, mechi ya kwanza alitufunga sisi, Dar es Salaam. Ukienda Goodison unakwenda na kwetu pia. Nenda huko.

Namba Sita

Jamani, nimengoja mtu aliseme na hakuna, basi nitalisema.

Mimi nacheza ligi ya wanawake hapa Nairobi. Mechi zetu nyingi ni Camp Toyoyo, Jericho. Kaka Buluu, umeandika vizuri sana kuhusu nguzo na kanisa, lakini kuhusu timu inayocheza pale sasa hujaandika hata jina moja la mchezaji. Wote mnajadili Goodison kama makaburini. Pale kuna watu wana mechi Jumapili, wana pointi za kutafuta, wana kocha anayewapigia kelele.

Fikirieni walikotoka. Everton wanawake walikuwa wakicheza Walton Hall Park, uwanja mdogo bustanini, karibu kabisa na Goodison. Mpango wa mwanzo ulikuwa Goodison ibomolewe. Mei 2025, siku chache kabla ya ile mechi ya Southampton uliyolia, klabu ikatangaza kwamba haitabomolewa, itakuwa ya wanawake. Unajua hilo ni kitu gani kwa mchezaji? Kuvalia katika vyumba vilevile, kutoka kwenye njia ileile, majukwaa yaleyale juu yako? Sisi Toyoyo kuna siku tumevalia jezi nyuma ya basi.

Kwangu mimi Goodison haijahamwa. Imehamiwa.

Ukienda, nenda kama shabiki. Jifunze majina kabla ya kufika. Imba. Tiketi za wanawake ni nafuu, kwa hivyo hela utakayobakisha mnunulie dada yako jezi. Lakini kama unaenda kuangalia nguzo tu, afadhali uende gatini, umwachie kiti mtu atakayewashangilia.

Buluu wa Kayole

Nimesoma tangu asubuhi dukani, wateja wakinisubiri. Asanteni, nimepata zaidi ya nilichouliza.

Namba Sita, maneno yako yameniingia. Jana usiku nilitazama mechi yao nzima, si vipande. Nilichokiona kwanza ni kwamba mpira ukitoka, mrushaji bado hana pa kuchukulia mbio, na waliokaa safu ya mbele bado wanamsemesha. Nikajikuta natukana refa. Dada nilimpigia leo akiwa mapumziko ya zamu, nikamsomea ulichoandika. Aliniambia ana wenzake wawili wa wodi wanaoenda mechi hizo na watoto wao, na hakuwahi kunitajia kwa sababu alidhani nataka wanaume tu. Tumekubaliana. Ni Goodison, na jezi itakuwa na jina la mchezaji wa timu hiyo. Jina gani, nitaachia dada achague akishawaona wakicheza.

Nyundo, usidhani nimekupuuza. Hilo la usiku wa Sevilla nimelielewa kwa sababu ya ile penalti ya Pickford. Uwanja mpya nitauona kwa nje, kutoka mtoni, na nitaendelea kuutazama hapa kila wiki mpaka usiku wetu ufike. Nikiwa Kayole au nikiwa wapi, nitakuwa nimeuona.

Kogalo Damu, mzee wangu, kuhusu City Stadium sina la kukujibu, unasema kweli tupu. Lakini kama una skafu ya Gor ambayo unaweza kunikopesha, nitaivaa Goodison pamoja na ya Everton, nipige picha pale uwanjani ambapo vijana wenu walisimama 2018. Niko Luthuli Avenue, natengeneza redio na spika, kila siku hadi saa kumi na mbili jioni isipokuwa Jumapili. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze duka.

Kogalo Damu

Skafu ipo, ni ya baba. Nitaileta Alhamisi nikitoka kazini. Uirudishe.