Java: getMethod haioni metodi ninayoiita kwa jina

Muulizaji, Bukavu
Ndugu zangu, ninaandika kwa Java programu ya duka moja la jumla hapa Kadutu, ambako bei huwekwa kwa dola na wateja wengi hulipa kwa faranga za Kongo. Jina la hesabu inayotakiwa, kama vile geuzaFaranga au punguzaBei, husomwa kutoka kwenye faili ya mipangilio, nami nataka programu iite metodi (kipande cha msimbo kinachofanya hesabu hiyo) yenye jina hilo bila mlolongo mrefu wa if. Nimeandika getMethod("geuzaFaranga", Integer.class) na ninapata kosa la NoSuchMethodException, yaani metodi haikupatikana, ingawa metodi ipo, ni public, na inapokea int. Ni nini kinachokosekana?

Jibu, Goma
Metodi hutafutwa kwa jina pamoja na aina za vigezo vyake, na mbele ya refleksheni, yaani njia ya Java ya kutafuta na kuita metodi kwa jina programu ikiwa inaendelea, int (namba tupu) na Integer (namba iliyofungwa ndani ya kitu) ni aina mbili mbalimbali. Andika int.class, nayo itapatikana. Kompaila, yaani programu inayoukagua na kuutafsiri msimbo wako, hugeuza int kuwa Integer na kinyume chake unapoita metodi moja kwa moja, lakini getMethod haifanyi hivyo. Ni invoke, amri ya kuiita metodi iliyopatikana, ambayo baadaye inaifungua Integer yako na kuipatia metodi int. Ujue pia kwamba getMethod huona metodi za public tu, zikiwemo za kurithi, ilhali getDeclaredMethod huona zote zilizoandikwa katika klasi yenyewe, hata zile za private, bila za kurithi. Metodi ikirusha kosa, invoke hukurushia InvocationTargetException, na kosa halisi limo ndani yake: lichukue kwa getCause na uliandike, kwa sababu katika programu ya fedha kosa lililofichika ni hasara ya mwenye duka.

Jibu, Lubumbashi
Maelezo ya ndugu wa Goma ni sahihi, lakini mimi nisingetumia refleksheni hapa. Ukibadilisha jina la metodi kesho, kompaila haitakuonya, na yeyote anayeweza kuigusa faili hiyo ataweza kuita metodi nyingine ya public, ikiwemo ile ya kufuta mauzo, mradi vigezo vilingane. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 tuna lambda, yaani hesabu fupi isiyo na jina inayoweza kuhifadhiwa kama thamani: weka Map (jedwali la majina na thamani zake) ambayo kila jina linaelekea kwenye hesabu yake, na jina lisilokuwemo likataliwe.

Muulizaji, Bukavu
Asante sana. Lakini hesabu nyingine zitaandikwa na mwenzangu na kuletwa katika jar (faili ya kifurushi cha klasi za Java) ya pekee, programu ikiwa imekwisha kukompailiwa. Map yangu itazijuaje?

Jibu, Lubumbashi
Tengeneza kiolesura (interface) kimoja, yaani orodha ya metodi ambazo klasi huahidi kuwa nazo, tuseme Hesabu, chenye metodi jina() na kokotoa(), kisha mwenzako aandike klasi zinazokitekeleza. ServiceLoader, chombo cha Java cha kutafuta klasi kama hizo, kilichoingia na Java 6, itazipata klasi hizo ndani ya jar yake, mradi azitaje katika faili iliyo chini ya META-INF/services, nawe utajaza Map yako programu inapoanza. Refleksheni itafanya kazi ndani ya ServiceLoader, katika kuunda vitu tu. Miito yako yote itapita kwenye kiolesura ambacho kompaila imekikagua.